"Tulifikia saturesheni": makala ya mahojiano isomwe vipi kabla ya kuaminiwa

Wadogo zangu wa afya ya jamii, kila kikao cha kuchambua makala za utafiti wa mahojiano ni yaleyale. Mwasilishaji anafungua COREQ, orodha ya mambo ya kuripoti katika utafiti wa mahojiano, anapiga vema vipengele karibu vyote 32, kisha anatangaza: "Utafiti huu unaaminika." Hapana jamani. Orodha ile ya 2007 inakuambia mwandishi ameeleza nini, haikuambii kazi ilifanywa vizuri. Kazi mbovu nayo huripotiwa kwa ufasaha.

1. Tafuteni kwanza nani alihoji. Vipengele vinane vya mwanzo vya COREQ vinahusu timu na uhusiano wake na washiriki, na ndivyo mnavyoviruka. Mgonjwa wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) akiulizwa kuhusu kuacha dawa na muuguzi yuleyule anayempa dawa, atajibu kwamba anameza kila siku saa mbili usiku. Ulitaka ajibu nini? Someni pia kipengele cha 13, waliokataa ni wangapi na kwa nini, na cha 15, nani mwingine alikuwepo. Mama mkwe akiwa amekaa pale mkekani, mahojiano ya uzazi wa mpango hayapo.

2. Saturesheni, yaani pale mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya. "Tulihoji watu 12 tukafikia saturesheni (Guest na wenzake, 2006)." Sentensi hii inahama tasnifu hadi tasnifu bila anayeinukuu kufungua makala yenyewe. Ifungueni. Wale walihoji wanawake 60, nusu Ghana na nusu Nigeria, wote wakiwa katika hatari kubwa ya VVU, kwa mwongozo mmoja wa maswali. Walichambua mahojiano kwa mafungu ya sita, wakihesabu kodi mpya (lebo za mawazo yaliyomo kwenye majibu) katika kila fungu. Sita ya kwanza ya Ghana yalitoa kodi 80 kati ya 109 zilizopatikana katika mahojiano yote 30 ya huko. Kufikia la 12, kodi zilikuwa 100. Kwa hiyo 12 ilipatikana kwa kundi linalofanana na swali finyu.

Sasa wewe una wauguzi wanne, akina mama wanne na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanne, unajumlisha, unapata 12, unashangilia. Una makundi matatu ya watu wannewanne! Halafu angalieni tarehe. Mahojiano yote yamefanyika ndani ya wiki moja, unukuzi, yaani kuandika sauti kuwa maandishi, umeanza mwezi uliofuata. Waliijuaje saturesheni kama hakuna aliyesoma nakala ya kwanza kabla ya kumhoji mtu wa mwisho? Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, imewekwa pale ili mtahini asiulize. Kinachotakiwa ni uchambuzi uliokwenda sambamba na ukusanyaji, maelezo ya jinsi kodi mpya zilivyopungua, na mahojiano mawili matatu ya ziada ya kujihakikishia. Kama idadi iliamuliwa na bajeti, heri mwandishi aseme hivyo, kisha atetee alichonacho: lengo finyu, washiriki wanaolijua jambo, mazungumzo yenye kina. Hoja ya Malterud na wenzake (2016) kuhusu nguvu ya taarifa, kwamba washiriki wakibeba taarifa nyingi zinazohusu swali, wachache hutosha, inaruhusu hilo.

3. Nukuu. Shikeni kalamu mhesabu nani anasema. Washiriki 20, lakini nukuu tisa kati ya 14 ni za mshiriki P07: mmesoma maoni ya mtu mmoja mwongeaji. Na kama nakala zimeambatishwa, someni maswali, si majibu tu:

"Kwa hiyo uliogopa watu watakuona kliniki?"
"Ee, ndiyo."

Ukienda kwenye matokeo unakuta mada ya pili: "Hofu ya unyanyapaa." Neno la hofu limeletwa na mhojaji, mgonjwa ameitikia tu.

4. Kappa ya juu, yaani kipimo cha jinsi wapanga kodi wanavyokubaliana, isiwatishe. Wapanga kodi wawili waliofundishwa pamoja wanaweza kukubaliana kwenye kosa lilelile. Wakisema walirudisha matokeo kwa washiriki, ulizeni: kipi kilibadilika?

5. Msijumlishe maswali 10 ya CASP, orodha ya kukagua ubora wa utafiti, mkaandika "8/10". Hayakutungwa kuwa mtihani wa maksi. Kasoro moja ya sampuli inaweza kuangusha kila kitu huku alama zikibaki nzuri. Mkiunganisha tafiti nyingi, tumieni GRADE-CERQual, njia inayopima uhakika wa kila tokeo peke yake: kasoro za mbinu, mshikamano wa tokeo na data, utoshelevu wa data, na uhusiano wake na swali lenu. Hapo ndipo mtakapokuta tafiti zilezile zinabeba tokeo moja kwa uhakika wa juu, na jingine, lililosimama juu ya nukuu mbili za wilaya moja, linabaki na uhakika wa chini sana.