Kabla ya kugonga mlango Japani, jifunze kutupa taka

Ujumbe umeingia juma hili kutoka kwa kijana aliyepokea wito wa kuhudumu misheni Nagoya. Anauliza mambo matatu: abebe suti ngapi, viatu vya aina gani, na aya zipi "zinawaingia Wajapani". Suti mbili zinatosha. Viatu viwe vya kuchomoa mguu bila kuhangaika na kamba, kwani vinavuliwa kila mlangoni, na kama mguu unazidi sentimita 28 beba jozi mbili kabisa kutoka nyumbani, maana rafu nyingi za madukani huishia hapo. Swali la tatu ndilo linalochosha. Kila anayeitwa Japani huuliza aya. Hajatokea wa kuuliza taka zinatolewa siku gani.

Na wengi huharibikiwa hapohapo, mdogo wangu. Jirani wa Kijapani hukutazama muda mrefu kabla ya kukusikiliza, na cha kwanza anachokiona ni mfuko wako wa taka. Kila mji una kalenda yake: taka za kuungua mara nyingi huchukuliwa mara mbili kwa wiki, plastiki siku yake, makopo na chupa siku nyingine. Miji mingine, Nagoya ukiwemo, inataka mifuko maalumu inayouzwa supamaketi. Chupa ya plastiki ivuliwe kizibo na lebo, isuuzwe, ibonyezwe. Mfuko utoke asubuhi ya siku yenyewe, kwa kawaida kabla ya saa 2, na ufunikwe wavu. Ukiutoa usiku, kunguru wataupasua alfajiri, na atakayefagia mabaki ni mama mzee mwenye zamu ya kusafisha kituo cha taka cha mtaa. Ukichanganya, mfuko unaachwa palepale umebandikwa karatasi ya onyo, mtaa mzima unausoma.

Ubaya ni kwamba nyumba za wamisionari hurithiwa. Kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho uhamisho huja kila wiki 6, sura zinabadilika, lakini kwa jirani ni "wale wageni wa ghorofa ya pili" tangu miaka hiyo. Deni la aliyekutangulia utalilipa wewe. Kwa hiyo siku ya kwanza au ya pili, mchana au jioni mapema, piteni wewe na mmisionari mwenzako kwa majirani wa pande mbili, wa juu na wa chini, na zawadi ndogo ya yeni 500 hadi 1,000: taulo ya mkono au pakiti ya biskuti iliyofungwa vizuri. Toa kwa mikono miwili, taja jina, omba radhi mapema kwa kelele, ondoka. Usihubiri siku hiyo. Hata kidogo.

Kuhusu ofisi ya mji: ukihamia anwani mpya una siku 14 za kwenda kuiandikisha, ukiwa na kadi yako ya ukaazi. Ukihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, anza kwa kuaga ofisi ya mji wa zamani upewe cheti. Kutotoa taarifa ni kosa lenye faini inayoweza kufika yeni 200,000, na kadi yenyewe haibaki mezani hata ukienda kununua mayai.

Sasa baiskeli, maana ndiyo itakayokula saa zako. Nyingi utakazokuta ni za kikapu mbele, Wajapani wanaziita *mamachari*, na vali yake ni ileile ya Phoenix tunayoijua nyumbani: ya kipini cha ndani kilichovishwa kampira kembamba. Kampira hako kanaitwa *mushigomu*. Tairi likilala usiku kucha, usikimbilie kung'oa tyubu kutafuta pancha. Jaza upepo, paka mate kwenye ncha ya vali. Povu likitoka, kosa ni kampira. Fungua nati ya juu, chomoa kipini, bandua kampira ka zamani (mara nyingi kamelainika kama ubani uliotafunwa au kamechanika pale penye tundu la pembeni), lowesha kapya kwa maji, kasukume mpaka kavuke tundu na kufika kwenye shingo ya kipini. Rudisha, kijino cha kipini kikae kwenye mkato wake, kaza nati kwa vidole, jaza. Dakika 3. Pakiti iko duka la yeni 100. Fundi hatakudhulumu, lakini utapoteza miadi ya jioni kwa kitu cha senti.

Mate yasipotoa povu, hapo ni pancha kweli. Toa tyubu, izamishe kwenye beseni, tafuta mapovu. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, si msumari: umepanda kingo ya barabara tairi likiwa na upepo kidogo, rimu ikaibana tyubu. Kiraka kitashika endapo utakwangua mpira mpaka mng'ao uishe, upake solusheni nyembamba, na usubiri mpaka iache kunata kidoleni. Wenye haraka hubandika ikiwa mbichi, kisha wanailaumu gundi. Kila Jumatatu, au siku yoyote ya maandalizi mliyopangiwa, bonyeza matairi yote mawili kwa dole gumba. Likibonyea kwa urahisi, jaza.

Baiskeli ya kurithi ina mtego mwingine. Stika ya usajili wa kuzuia wizi, *bōhan tōroku*, bado ina jina la mmisionari aliyekwisha rudi kwao. Polisi akikusimamisha usiku na jina lisilingane, mtamalizia jioni kituoni mkipigiana simu. Kabla mwenzako hajaondoka, mwandikishane karatasi ya kukabidhiana, kisha usajili ubadilishwe dukani. Endesha upande wa kushoto, kama nyumbani. Usiku washa taa. Mwamvuli mkononi hauruhusiwi, wala kupakizana. Kofia ngumu imesisitizwa kisheria tangu tarehe 1 Aprili 2023, na tangu Aprili 2026 mwendesha baiskeli wa miaka 16 na kuendelea anaweza kuandikiwa faini papo hapo. Simu mkononi ni yeni 12,000. Hebu piga hesabu ni chakula cha siku ngapi hicho.

Tuje mlangoni. Mara nyingi hutaona mtu, utasikia sauti kwenye kisanduku cha kengele, na kamera inakutazama. Sema jina la kanisa lako sentensi ya kwanza. Tarehe 20 Machi 1995 kikundi cha kidini cha Aum Shinrikyo kilimwaga gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, na kwa watu wengi waliokuwa na akili zao mwaka ule, mgeni anayekuja na dini huku akizungukazunguka ni wa kufungiwa. Anayeficha dini nyuma ya darasa la bure la Kiingereza anajichimbia shimo. Kipeperushi cha darasa kiseme wazi ni la kanisa, linaanza saa ngapi, linaisha saa ngapi, na kama mwishoni kuna neno la kiroho, nalo liandikwe.

Halafu jifunze hapana zao, kwani hakuna atakayekwambia hapana. *Kekkō desu* ukiitafsiri kamusi inakuja kama "ni vizuri", lakini mlangoni maana yake inatosha, nenda. *Kangaete okimasu*, "nitalifikiria", ni hapana yenye adabu. *Chotto…*, "kidogo…", ikiachwa inaning'inia hewani ni hapana kamili, na anayeuliza "kidogo nini?" anamdhalilisha mwenye nyumba. Wamisionari wapya huandika daftarini: "anafikiria, turudi Alhamisi". Wanarudi Alhamisi, na Alhamisi nyingine, kisha wanashangaa taa inazimwa wakikaribia. Unyenyekevu tunaouimba sana makanisani, hapa una umbo lake: kuondoka mara ya kwanza unapoombwa.

Anayekukaribisha kweli atataja siku na saa. Usifike mapema nyumbani kwa mtu, utamkuta anapiga deki. Geuza viatu vyako vitazame mlango, slipa za ukumbini zisikanyage tatami, ile mikeka ya sakafuni, na slipa za chooni zibaki chooni. Chai itakuja. Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hawanywi chai ya kijani, na *hōjicha* na *genmaicha* nazo zina majani yaleyale. Kinachowafaa ni *mugicha*, ya shayiri. Tatizo si kukataa, ni kukataa kikombe kikishamiminwa. Lisemwe wakati wa kupanga miadi, kwenye ujumbe mfupi, pamoja na "maji yanatosha".

Hapohapo ndipo kijana wa Afrika Mashariki ana mtaji asioujua. Japani kuna watu waliofanya kazi ya kujitolea kupitia JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, Tanzania na Kenya, na Chuo Kikuu cha Osaka kina masomo ya Kiswahili. Ukimpata mmoja wao, hahitaji Kiingereza chako, anataka mtu wa kumwambia "shikamoo" tena. Na anataka chapati.

Chapati zinashindikana Japani kwa sababu moja: unga. Mfuko wa bei rahisi ni *hakurikiko*, unga wa keki, na chapati yake inakatika kama mkate mkavu. *Kyōrikiko* ni wa mikate, unavutika kupita kiasi, ukisukuma unarudi. Changanya gramu 150 kwa 150, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha mezani, maji ya uvuguvugu mililita 160 na ushee. Kanda dakika 10, funika nusu saa, kata madonge 6, sukuma, paka mafuta, viringisha, acha tena dakika 15 kabla ya kusukuma mara ya mwisho. Ugali ni kazi nyingine: kinachoandikwa *kōn sutāchi* ni wanga, utapata gundi. Tafuta maduka ya Wabrazili, Hamamatsu yapo mengi, uulize *fubá*, unga wao wa mahindi. Ni wa njano, lakini unasongeka.

Ukialika, aliyekuja ataleta kitu, na ukipewa kitu kikubwa, rudisha cha kama nusu ya thamani ndani ya wiki chache. Mwisho wa mwaka andika kadi za mwaka mpya, *nengajō*, kwa mkono, uziposti kati ya tarehe 15 na 25 Desemba zifike Januari mosi. Ila uliza kwanza: nyumba iliyofiwa mwaka huo haitumiwi kadi ya heri. Na anwani zao usizitegemee simu. Wape daftari waandike wenyewe, kwa kanji zao, ili hata ukiwa umesharudi Mbeya au Kisumu uweze kuinakili ilivyo kwenye bahasha, na chini yake uandike JAPAN kwa herufi ambazo karani wa posta yenu anazisoma.