Mama Alipewa Dawa ya Presha Mara Mbili Siku Moja

MASWALI YA WASOMAJI KWA MFAMASIA

SWALI: Ninaishi Umoja, hapa Nairobi, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye alikuja kwangu kutoka Kitui baada ya kulazwa hospitalini. Anatumia amlodipini, losatani na haidroklorothiazidi kwa ajili ya presha, na metformini na glibenklamidi kwa ajili ya sukari. Mimi huondoka alfajiri kwenda kazini, dada anayetusaidia nyumbani humpa dawa mchana, na kaka yangu hupitia jioni. Wiki iliyopita wote wawili walimpa dawa ileile ya presha siku moja, akashikwa na kizunguzungu, nusura aanguke bafuni. Mama mwenyewe hukasirika tukimuuliza kama amemeza. Tuweke kumbukumbu kwa njia gani, na siku ikisahaulika dozi tufanye nini?
Binti, Umoja

JIBU: Pole sana, dada, na umfikishie mama pole zangu. Kwanza kabisa, iwapo kizunguzungu hicho humrudia anapoinuka kitini au kitandani, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni apimwe presha akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, kwa maana dawa tatu za presha zinaweza kuishusha kupita kiasi hata pale zinapotolewa bila kosa lolote.

Baada ya hapo, chagueni jioni moja ambayo nyote watatu mpo, mkusanye dawa zote za mama na kuzimwaga mezani: za kabatini, za mkobani, na zile alizokuja nazo kutoka nyumbani. Ninaposimama kwenye kaunta, kosa ninaloliona mara kwa mara ni la dawa moja yenye majina mawili. Hospitali humpa mgonjwa pakiti iliyoandikwa amlodipini, naye bado ana pakiti ya zamani ya Norvasc aliyonunua kwenye kemisti, akaendelea kumeza zote mbili bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Vivyo hivyo, Glucophage ni metformini. Kwa hiyo someni lile jina la maandishi madogo lililo chini ya jina la biashara, mlinakili herufi kwa herufi, na karibu yake mwandike kiasi cha dawa kilichomo katika kidonge kwa miligramu, kazi ya dawa hiyo, idadi ya vidonge, saa ya kumeza, na kama ni kabla au baada ya chakula. Metformini, kwa mfano, humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo.

Bahasha za kaki zinazotiwa vidonge zinahitaji uangalifu wa pekee. Alama ya 1x2 maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa 12, wala si vidonge viwili kwa mkupuo. Saa nazo huleta matatizo: aliyeandika 8 kwa hesabu ya Kizungu alikusudia saa mbili, ilhali anayesoma nyumbani huenda akaelewa saa nane. Andikeni kwa maneno, "saa mbili usiku, baada ya kula", na mkitega kengele ya simu, hakikisheni kwamba kila mmoja anajua 07:00 ni saa moja asubuhi.

Sasa kuhusu kumbukumbu yenyewe. Daftari la kawaida la mistari linatosha, mradi likae mahali pamoja na dawa na lisihamishwe. Kila mstari uwe na tarehe, saa, jina la dawa na sahihi ya aliyetoa. Sahihi iwekwe baada ya mama kumeza, si wakati kidonge kinapotolewa pakitini, kwa sababu katikati ya mambo hayo mawili simu hulia, mgeni hubisha hodi, na kidonge hubaki kwenye sahani. Kaka akifika jioni asione sahihi, asikimbilie kutoa dozi nyingine, bali ahesabu kwanza. Pakiti ya vidonge 28 vya kumeza kimoja kwa siku, iliyoanzwa tarehe 1, inapaswa kubaki na vidonge 18 tarehe 10 jioni. Vikiwa 18, mama amemeza, ila aliyempa alisahau kuandika.

Kuhusu dozi iliyosahaulika, dawa ya presha ya mara moja kwa siku inaweza kumezwa mnapokumbuka siku hiyohiyo. Saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, iacheni iliyopita, na kamwe msitoe mbili pamoja ili kufidia. Glibenklamidi ina hatari yake, kwani huendelea kushusha sukari hata kama mama hajala. Asipokula, msimpe, na mumpigie simu daktari wake. Akianza kutokwa jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha mumpeleke hospitalini.

Hukutaja maumivu ya magoti, lakini katika umri wake nina wasiwasi kuyahusu. Brufen au diklofenaki inayonunuliwa hapo stejini, ikichanganywa na losatani na haidroklorothiazidi, inaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Daftari hilo lionyeshwe kwenye kaunta kabla ya kununua dawa yoyote, na dawa za kienyeji pia ziandikwe humo.

Hasira ya mama ninaielewa, kwa kuwa mtu aliyelea familia nzima hapendi kuhojiwa kama mtoto. Kama anaona na kuandika vizuri, mpeni kalamu. Yeye aweke alama yake kwanza kwenye mstari, na anayempa dawa aweke sahihi pembeni kama shahidi. Hapo kaka akifika jioni atalisoma daftari, hatakuwa na haja ya kumuuliza.