Maswali ya Wasomaji: Viti Tele, Kura Haba

Ukurasa huu unaegemea mrengo wa kushoto na hatuna sababu ya kuficha. Barua za safari hii zinahusu Westminster, yaani Bunge la Uingereza.

Chama cha Labour kilizoa viti 411 mwaka 2024. Mbona ilianza kuyumba mapema hivyo? – Msomaji, Leicester

Viti vilikuwa vingi, kura zikawa chache. Tarehe 4 Julai 2024 Labour ilipata asilimia 33.7, kura kama milioni 9.7. Jeremy Corbyn, kiongozi wa zamani wa Labour ambaye baadaye alizuiwa kugombea kwa tiketi ya chama hicho hicho, alikipatia milioni 10.3 hivi mwaka 2019, akashindwa vibaya. Nchi ina majimbo 650, na anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Vyama vya Conservative na Reform UK viligawana kura za mrengo wa kulia, Labour ikapenya katikati.

Piga hesabu. Kiti kimoja cha Labour kiligharimu wastani wa kura 23,600 hivi. Reform walipata kura milioni 4.1 na viti vitano, yaani zaidi ya 800,000 kwa kiti. Kiongozi wa Reform, Nigel Farage, si mtu wetu hata kidogo, ila dhuluma ni dhuluma hata ikimpata usiyempenda, na Labour ilipaswa kuubadilisha mfumo huu siku ulipoinufaisha.

Serikali yenye mizizi mifupi hivyo haimudu kosa la bure, nayo ilifanya moja ndani ya mwezi wa kwanza. Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, aliwaondolea wastaafu wapatao milioni 10 ruzuku ya kupasha nyumba joto, pauni 200 hadi 300 wakati wa baridi. Juni 2025 ikarudishwa kwa walio wengi, wenye kipato kisichozidi pauni 35,000. Hasira za watu zilibaki pale pale, na sehemu kubwa ya akiba iliyotarajiwa ikayeyuka.

Wabunge wa chama tawala huasi vipi, na ni lini uasi unafanikiwa? – Msomaji, Birmingham

Kila wiki viranja wa chama, yaani wabunge wanaosimamia nidhamu ya kura, huwapelekea wenzao ratiba. Hoja iliyopigiwa mistari mitatu ni amri: uwepo, na upige kura na chama. Kengele ya kura inapolia mbunge ana dakika nane, kisha Spika anaamuru milango ifungwe. Wanaounga mkono hupita ukumbi wa kulia kwa Spika, wanaopinga wa kushoto, na viranja wanasimama hapo hapo wakiangalia nani anageukia wapi. Asiyeingia popote anaipunguzia serikali kura moja. Anayevuka kupiga kura na wapinzani anaathiri tofauti kwa kura mbili, ndiyo maana viranja humbembeleza mwasi aende zake nyumbani.

Adhabu kubwa ni kusimamishwa kwenye kundi la wabunge wa chama. Julai 2024 saba wa Labour walisimamishwa miezi sita kwa kutaka kufutwa ukomo wa watoto wawili katika posho za familia maskini, sheria ya Conservative iliyoanza 2017. Novemba 2025 Reeves mwenyewe akatangaza kuufuta kuanzia Aprili 2026. Hatukusikia mtu akiwaomba radhi wale saba.

Saba hawatishi mtu. Uasi huzaa matunda pale majina yanapokuwa hadharani kabla ya kura, tena mengi kuliko wingi wa serikali unavyoweza kuhimili. Juni 2025 wabunge zaidi ya 120 wa Labour walitia saini hoja ya kuuzuia muswada wa kubana posho za walemavu. Kwanza serikali iliahidi kutowagusa wanaopokea tayari. Haikutosha. Tarehe 1 Julai, mjadala ukiendelea, ikakiondoa kifungu kizima kilichohusu posho hiyo. Muswada ukapita kwa 335 dhidi ya 260, 49 wa Labour wakipinga, lakini kiini chake kilikuwa kimeshang'olewa. Anayeangalia matokeo ya kura peke yake atadhani waasi walishindwa.

Waziri Mkuu anaweza kung'olewa bila uchaguzi? – Msomaji, Leeds

Ndiyo, chama chake kikimbadilisha kiongozi. Kwa Labour, anayetaka kumng'oa kiongozi lazima awe mbunge na apate saini za asilimia 20 ya wabunge wa chama. Kiongozi aliyepo huingia kwenye kura moja kwa moja. Lakini kanuni si kila kitu. Boris Johnson wa Conservative alishinda kura ya imani chamani kwa 211 dhidi ya 148 tarehe 6 Juni 2022, na mwezi mmoja baadaye mawaziri walipojiuzulu mfululizo akasalimu amri. Mrithi wake, Liz Truss, kwa kanuni ya chama alikuwa na kinga ya mwaka mzima dhidi ya kura kama hiyo. Bajeti yake ya kukata kodi za pauni bilioni 45 ilimwangusha kabla miezi miwili haijatimia.

Niko hapa kwa viza ya masomo na pasipoti ya Kenya. Naruhusiwa kupiga kura? – Msomaji, Coventry

Unaruhusiwa, hata uchaguzi mkuu. Raia wa Jumuiya ya Madola (Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda) aliyetimiza miaka 18 na mwenye kibali halali cha kuishi anaandikishwa sawa na raia wa Uingereza. Mrundi au Mkongomani hana haki hiyo kwa uchaguzi mkuu, ingawa akiwa Scotland au Wales kihalali anaweza kupiga kura za huko.

Jiandikishe mtandaoni angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kama huna namba ya bima ya taifa (National Insurance), eleza sababu. Ofisi inaweza kukuomba nyaraka. Wanaokwama wengi hukwama kwenye jina: daftarini wameandika la kifupi, pasipoti ina majina matatu. Andika lililo kwenye pasipoti, kwa kuwa kituoni utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Huna? Cheti cha mpiga kura ni bure. Kiombe siku sita za kazi kabla. Mwanafunzi mwenye anwani mbili anaweza kuandikishwa kote kuwili, lakini katika uchaguzi mkuu apige kura mara moja tu. Kurudia ni kosa la jinai.