Barua kwa mwanangu: kuhusu uchaguzi wa Alberta wa mwaka 1935

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja, maana safari hii hukuuliza habari za shamba wala za magoti yangu, bali umeniuliza habari za uchaguzi uliofanyika kabla sijazaliwa. Unasema kwamba wenzako wa kazini hapo Calgary, waliposikia kuwa sasa wewe ni raia na utapiga kura kwa mara ya kwanza, walikusimulia jinsi watu wa Alberta, jimbo hilo la Kanada unaloishi, mwaka 1935 walivyomchagua mhubiri wa redioni kwa sababu aliwaahidi dola 25 kila mwezi. Ukaniuliza, kwa kuwa nilisomea historia huko Edmonton, kama ni kweli watu wale walidanganywa.

Nitakujibu, lakini sitaanza na huyo mhubiri. Nitaanza na wale aliowashinda, kwa sababu wanaopenda kusimulia habari za dola 25 huwa wanawaruka, na mtu akiwaruka hao hawezi kuelewa kitu chochote katika uchaguzi ule. Alberta ilikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe tangu mwaka 1921. Umoja wa Wakulima wa Alberta ulikuwa umeanzishwa mwaka 1909 na watu waliokuwa wakiuza ngano na ng'ombe, ambao walichoka kupangiwa bei na makampuni ya maghala na nauli na makampuni ya reli. Walipoamua kugombea kwa jina lao, walipata viti 38 kati ya 61 na kukiondoa chama cha Liberal kilichokuwa kimetawala tangu jimbo lenyewe lilipoundwa mwaka 1905. Miaka miwili baadaye wakulima wa jimbo wakaanzisha ushirika wao wa kuuza ngano kwa pamoja. Wewe ni mjukuu wa babu yako, sina haja ya kukueleza maana ya jambo hilo. Unajua alivyokuwa miongoni mwa wale waliosimama kwenye mizani ya pamba kukagua uzito kwa niaba ya wenzao, kabla Usukuma haijapata umoja wake wa vyama vya ushirika mwaka 1955, na unajua alivyokuwa akiamini kwamba mkulima akishika mizani kwa mkono wake mwenyewe, mambo mengine yatafuata.

Basi wakulima wa Alberta waliishika mizani kwa miaka 14. Na tarehe 22 Agosti 1935, siku ya Alhamisi, zaidi ya watu wanane katika kila kumi waliokuwa na haki ya kupiga kura walijitokeza, na chama cha wakulima hakikupata hata kiti kimoja. Waziri mkuu wa jimbo, Richard Reid, alipoteza kiti chake. Aliyemtangulia, John Brownlee, alishindwa huko Ponoka na mwanamke aitwaye Edith Rogers. Social Credit, chama cha huyo mhubiri, ambacho hakikuwapo kabisa katika uchaguzi uliotangulia wa mwaka 1930, kilichukua viti 56 kati ya 63. Liberal wakapata vitano na Conservative viwili. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na mpaka leo nikizitazama hesabu hizo najiuliza: wakulima walifanya nini hata wakulima wenzao wakawafuta namna ile? Swali hilo naliona kubwa kuliko lako, nawe utanisamehe nikilijibu kwanza.

Wapo wanaosema ni aibu ya Brownlee. Mwaka 1934 ilisikilizwa kesi ya madai kwamba alimtongoza msichana aliyekuwa akifanya kazi serikalini, baraza la wazee wa mahakama likamwona ana hatia, jaji akakataa uamuzi huo, naye akajiuzulu vilevile. Aibu ilikuwepo, siikatai. Lakini Reid, aliyeshika nafasi yake, hakuwa na doa lolote la namna hiyo, naye akafagiwa pamoja na wote.

Mimi naamini, na wewe na dada yako mmenisikia nikilisema hili mpaka mmechoka, kwamba mtu hafuati ahadi. Humfuata aliyemwonyesha kwamba ameiona taabu yake. Fikiria hali yao. Busheli moja ya ngano, ambayo ni karibu kilo 27, ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola moja katika miaka ya ishirini. Mwishoni mwa mwaka 1932, kwenye soko la Winnipeg, ilishuka chini ya senti 40. Deni la shamba halikushuka. Riba haikushuka. Upande wa kusini na mashariki mvua ziligoma na upepo ukaondoka na udongo. Watu waliokuwa na magari walitoa injini wakafunga farasi mbele, kwa kuwa hela ya petroli haikuwepo, na magari hayo wakayapa jina la waziri mkuu wa Kanada wa wakati huo, R. B. Bennett, ambaye naye alikuwa mbunge wa Calgary. Serikali ya wakulima ilifanya nini? Ilijitahidi, nakiri. Ilitunga sheria za kusuluhisha madeni. Lakini ilipozungumza na watu, ilizungumza juu ya hali njema ya mikopo ya jimbo na wajibu kwa waliolikopesha. Ilikuwa sahihi kwa lugha ya benki, na mtu anayengoja kunyang'anywa shamba na benki hataki kusikia lugha ile kutoka kwa mtu aliyemtuma yeye.

Sasa nije kwa mhubiri. William Aberhart alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya Crescent Heights, hapo hapo Calgary unapoishi, na mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili alikuwa akihubiri Biblia kupitia kituo cha redio cha CFCN, na kuanzia mwaka 1932 akachanganya mahubiri yake na nadharia ya mhandisi Mwingereza, Meja Douglas, aliyedai kwamba mishahara yote inayolipwa viwandani haiwezi kamwe kununua bidhaa zote zinazotoka viwandani, hivyo serikali inapaswa kuliziba pengo hilo kwa kuwagawia wananchi mkopo. Aberhart akalitafsiri pengo hilo kuwa dola 25 kwa kila mtu mzima, kila mwezi, zitakazoandikwa kwenye akaunti yake. Tena usisahau kwamba hakuanza na chama. Alilipeleka wazo lake kwa wakulima wenyewe, kwenye mkutano wao mkuu wa Januari 1935, nao wakalikataa. Ndipo akaamua kusimamisha wagombea wake, ingawa yeye mwenyewe hakugombea.

Nilipofika Edmonton, chama chake kilikuwa kimeondoka madarakani miaka michache tu kabla, mwaka 1971, na nilipanga chumba kwa bibi mjane aliyekulia kwenye shamba upande wa Hanna, kwenye ile nchi kavu. Nimewahi kuwasimulia habari zake. Ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili. Jioni moja alitoa kwenye kopo la biskuti hati ya dola moja ya mwaka 1936, zile ambazo serikali ya Aberhart ilizitoa ili kuwalipa waliofanya kazi za barabara. Mgongoni ilikuwa na vyumba vidogo 104, na kila juma aliyekuwa nayo alipaswa kununua stempu ya senti moja na kuibandika, la sivyo ingepoteza thamani, ili mtu asiifiche bali aitumie haraka. Stempu zilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa, ya pili imeachwa katikati, kwa maana wenye maduka wengi walizikataa na mpango wote ukafa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Nilimuuliza kama baba yake alijiona amedanganywa. Akaniambia kwamba Jumapili majirani walikuja kwao kusikiliza redio ya betri, na wengine walikaa nje chini ya dirisha kwa sababu chumba hakikutosha. Na kwamba baba yake, aliyekuwa mwanachama wa Umoja wa Wakulima tangu mwanzo, alisema hamuelewi Aberhart anapoeleza mikopo, ila ndiye mtu wa kwanza aliyemsikia akitamka kwamba umaskini wao si adhabu ya Mungu wala uvivu wao. Siku ya kura, kule vijijini mpiga kura alikuwa akiwapanga wagombea kwa namba kadiri anavyowapenda. Baba yake aliandika 1 mbele ya mtu wa Social Credit na kuacha nafasi nyingine zote wazi. Kisha alirudi nyumbani na kuvua beji ya Umoja wa Wakulima kutoka kwenye koti lake la kanisani.

Juma lilelile nilikuwa na semina chuoni. Mwalimu wetu mmoja, ambaye sitamtaja, alisema kwamba mwaka 1935 wakulima wa Alberta waliuza akili zao kwa dola 25, na darasa zima likacheka. Nilinyoosha mkono. Nilimuuliza ngano ilikuwa bei gani. Akaniambia kwamba hilo ni somo la uchumi na kwamba sisi tunazungumzia siasa, akaendelea na wa pili. Mwanangu, miaka imepita mingi, lakini nikikumbuka kicheko kile bado damu inanipanda, kwa sababu nilimwona baba yangu kwenye mizani, nikasikia wanamcheka yeye. Mtu anayeweza kuzungumza siasa za wakulima bila bei ya mazao hajui anachokizungumza, hata awe na shahada ngapi.

Lakini nisikufiche upande mwingine, maana ukisoma utaukuta. Mambo ya benki na sarafu nchini Kanada, tangu sheria ya mwaka 1867, yako chini ya serikali ya shirikisho, si ya jimbo. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule alishindwaje kulijua hilo? Na kama alilijua, kwa nini aliwaambia watu wasihangaike na jinsi mpango utakavyofanya kazi, akisema kwamba hata umeme mtu huutumia bila kujua unavyofanya kazi? Aliomba miezi 18 ya kuutekeleza, ikapita. Mwaka 1937 wabunge wake mwenyewe walimwasi. Alipitisha sheria ya kuwawezesha wananchi kumwondoa mbunge wao, na wapiga kura wa Okotoks-High River, eneo lililompa kiti bungeni baada ya uchaguzi ule, walipoanza kukusanya saini za kumwondoa yeye, serikali yake ikaifuta sheria ile. Mwaka huohuo akatunga sheria ya kuyalazimisha magazeti kuchapisha maelezo ya serikali na kutaja watoa habari wao, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaibatilisha mwaka 1938. Hapo siwezi kumtetea, wala sitaki. Aliyewaona watu katika taabu yao hana ruhusa ya kuwafunga midomo wengine.

Nikifika hapo huwa nataka kusema, ndiyo, walidanganywa, na nimalize barua. Halafu nakumbuka mwaka 1940, walipokuwa wameshaona yote hayo, gawio halijalipwa hata mara moja, na bado wakampa viti 36 kati ya 57. Mtu aliyedanganywa harudi kwa hiari yake kwa aliyemdanganya. Au hurudi? Wapo warudio, nimewaona. Lakini si jimbo zima, na si baada ya miaka mitano ya kungoja. Narudia lile lile: mtu hafuati ahadi, humfuata aliyemwonyesha kwamba ameiona taabu yake. Aberhart alikufa mwaka 1943 akiwa bado waziri mkuu, na Ernest Manning, mwanafunzi wake wa Biblia, akaongoza mpaka mwaka 1968. Dola 25 za kila mwezi hazikulipwa kamwe. Mafuta yalipogunduliwa Leduc mwaka 1947 jimbo likatajirika, na mwaka 1957 Manning aliwagawia watu dola 20 kila mmoja, kwa mwaka. Yule bibi alizipokea. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa ameshafariki.

Unataka hukumu, najua, na dada yako angekuambia kwamba mimi sijawahi kukosa hukumu juu ya jambo lolote. Juu ya Aberhart moyo wangu unaelekea upande mmoja Jumatatu na upande mwingine Ijumaa, kwa hiyo sitakuandikia neno ambalo kesho nitalikana. Juu ya wakulima sina shaka: hawakuuza akili zao. Walikuwa na serikali yao wenyewe, ikaacha kuwasikia, wakaiondoa kwa kura moja moja za karatasi, bila kumwaga damu. Ongeza hili utakapozungumza na wenzako, kwa kuwa nalo huachwa: wenyeji wa asili wa Alberta waliosajiliwa chini ya sheria ya Kanada, wenye nchi ile kabla ya ngano, hawakuwa na kura katika uchaguzi wa jimbo mwaka ule, wala hawakuipata mpaka mwaka 1965. Hakuna aliyewaahidi chochote, si Brownlee, si Reid, si Aberhart.

Kuhusu kura yako wewe, hukuniuliza umpigie nani, nami sitakuambia. Soma hesabu zao kwa makini kama nilivyokufundisha, kisha uende uwasikilize wenyewe wakizungumza na watu wenye shida, ukae nyuma, uone nani anajibu alichoulizwa. Ukipata Jumamosi huru, tafuta makumbusho hapo mjini uone kama wanazo zile hati za 1936, na ugeuze macho upande wa mgongoni. Nitafurahi ukinipigia picha.

Shangazi yako na wote wa nyumbani wanakusalimu.

Mama yako