Jiwe la kale ndani ya kanisa: kabla hujaandika neno "dolmeni"

Kosa la kwanza la wageni wa kazi ya kupima na kurekodi mawe ya kale makanisani ni kuona jiwe kubwa lisilochongwa ndani ya kanisa na kuliandika papo hapo kuwa dolmeni. Litazame kanisa la San Miguel de Arretxinaga, Markina-Xemein, kaskazini mwa Hispania. Mawe matatu makubwa mno yameegemeana, altare iko chini yake, lakini hayakusimamishwa na mtu: ni miamba ya asili. Dolmeni ni chumba cha kaburi cha kale kilichojengwa kwa mawe makubwa. Tafuta mawe ya ukuta yaliyosimikwa ardhini, jiwe la paa linalobebwa nayo, na mabaki ya tuta la udongo lililokifunika.

Kisha uliza nini kilihama. Rudston, Uingereza, jiwe la mita 7.6 limesimama makaburini mwa kanisa. Kanisa ndilo lililolifuata. Le Mans, Ufaransa, ni kinyume: jiwe la mita 4.55 liliegemezwa kwenye kanisa kuu mwaka 1778, kwa hiyo kupima limeelekea wapi ni kupoteza muda. Saint-Germain-de-Confolens, pia Ufaransa, ndiko wengi wanakojikwaa. Jiwe la paa ni la kale kweli, ila nguzo nyembamba zinazolibeba zilichongwa na waashi wa Zama za Kati. Kila jiwe lipewe namba yake na umri wake.

Alentejo, Ureno, dolmeni huitwa anta, na mbili kati yake, Pavia na São Brissos, ziligeuzwa kuwa vikanisa. Tatizo kubwa hapo ni chokaa. Imepakwa tabaka juu ya tabaka hadi jiwe na ukuta wa mwashi vinaonekana kitu kimoja. Usiikwangue hata kidogo. Nayo ni sehemu ya historia, na chini yake huenda kuna mchoro. Fuata maungio: jiwe la kale hupinda na kunenepa bila mpangilio, ukuta wa mwashi hunyooka. Pima unene kila sentimita 50, ndani na nje.

Michoro itafute usiku. Kamera ikae kwenye miguu mitatu, isisogee. Taa iwekwe karibu na uso wa jiwe, mwanga upite kwa mshazari, upige picha kutoka pande nne. Mfereji uliochongwa usioonekana mchana hutupa kivuli. Usiujaze chaki: hubaki kwenye punje za jiwe, na anayekuja baadaye ataona ulichodhani wewe, si kilichochongwa.

Dira nayo hudanganya karibu na milango ya chuma. Soma kutoka ncha moja ya mhimili, yaani mstari wa katikati wa jengo, kisha ncha ya pili. Tofauti isipokuwa nyuzi 180, kuna chuma kinachovuta, sogea. Anta za Alentejo karibu zote zina mlango upande wa mawio, wakati kanisa la desturi lina altare mashariki na mlango magharibi. Andika mwelekeo wa dolmeni na wa kanisa, kila mmoja peke yake; usitoe wastani.

Mwisho, chora ramani moja kwa kila kipindi. Kanisa la Santa Cruz, Cangas de Onís, Hispania, lilitabarukiwa mwaka 737 juu ya dolmeni, likabomolewa mwaka 1936, likajengwa upya baadaye. Dolmeni inaonekana chini ya sakafu. Kuta zinazoizunguka ni za karne ya 20, na wanafunzi huzipima wakiziita za mfalme Favila, aliyelijenga kanisa la kwanza.