Hayo matusi ya kichwani

Mwanangu, voisi yako nimeiskiza mara tatu nikiwa kwa feri hapa Likoni. Umeniuliza ukikosa penalti mbona kichwa chako kinakutukana mpaka gemu inaisha, na ufanyeje kinyamaze.

Hakinyamazi babangu, kipe kazi. Mimi nilikuwa shuta wa netiboli shuleni, na kila nikikosa najiambia "usikose tena, usikose tena" na ndo nakosa zaidi, manake hapo akili inafikiria kukosa tu. Mwambie mguu cha kufanya, maneno mawili matatu basi: "kaza kifundo", "tazama mpira". Chagua kona kabla hujauweka mpira chini na usiibadilishe, vuta pumzi, itoe pole pole iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, moyo utapunguza mbio kidogo, ndo upige.

Na jiite jina. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Ethan Kross wa University of Michigan, yeye na wenzake walitoa utafiti 2014, watu wameambiwa watahutubia mbele ya watu na muda wa kujiandaa ni mchache, wale waliojisemesha kwa majina yao badala ya "mimi, mimi" walihutubia vizuri zaidi na hata baadaye hawakubaki wakijiumiza roho sana kwa yaliyopita. Naona ni kwa sababu ukijiita jina unaongea kama unaongea na mwenzako, na beki wako akiteleza humwambii "huna maana wewe", si unampiga bega mnaendelea?

Sasa hapo kwa "huna maana" ndo nimelia kwa feri. Umesema kichwa kinakwambia "kichwa maji wewe, huna maana". Hayo maneno nayajua, ni yangu. Ndo nilikuwa nakutupia kila ukileta ripoti mbaya ama ukivunja kitu, nikidhani nakukaza. Nisamehe mwanangu, nilikosea, na wewe hukuwa na kosa la kutosha kuitwa hivyo hata siku moja.

Kwa hiyo ukiyasikia tena uwanjani jua ni ya mama wa zamani aliyekuwa amechoka. Jiite jina nililokupa, lile nilichagua kabla hata hujazaliwa.

Nauli ya Jumamosi nimekutumia. Nipigie mkimaliza, hata mkifungwa.

Mamako