Kabla hujaipa nchi ya kubuni jina la kisiwa cha Wakelti

Mimi huandika historia mbadala, hadithi za "ingekuwaje kama". Wenzangu wakigundua bara magharibi mwa Ireland, haraka hulibandika jina la kisiwa cha hadithi za Wakelti, Avalon au Hy-Brasil, basi. Majina ni matamu, sikatai. Ila mimi siliandiki jina kwenye ramani mpaka nijue merikebuni alikuwamo nani na alifuata nini.

Hy-Brasil, kisiwa ambacho Waireland husimulia kwamba hujitokeza kwenye ukungu kila baada ya miaka 7, kilikuwa kwenye ramani za mabaharia tangu 1325. Mwaka 1481 merikebu mbili za Bristol, bandari ya Uingereza, zilitoka kukitafuta. Thomas Croft, ofisa wa forodha ambaye hakuruhusiwa kufanya biashara, alishtakiwa kwa kupakia chumvi humo. Akajitetea kuwa hakuchuuza kitu, alikuwa akitafuta kisiwa cha Brasil. Chumvi! Anayebeba chumvi anatarajia kurudi na samaki.

Sasa tuseme walifika Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo. Hapo jina ni Brasil tupu, lililoandikwa na karani wa bandari. Hilo "Hy" la mapambo liache. Halafu fuatilia linakogusa. Mwaka 1500 Cabral, baharia Mreno, anafika kusini, Brazil ya leo, na kuiita nchi Vera Cruz, kama alivyofanya kweli. Wachuuzi wa brasil, mti wa rangi nyekundu, watakapotaka kuiita Brasil, watakuta jina lina mwenyewe. Huenda Pelé akachezea timu ya taifa ya Vera Cruz.

Avalon ina mwenyewe pia: George Calvert aliipa koloni lake la Newfoundland jina hilo mwaka 1623, na rasi ile inaitwa hivyo hadi leo. Kwa bwana wa Kiingereza aliyesoma hadithi za Mfalme Arthur, zinakotoka jina hilo, linakaa sawasawa. Kwa mvuvi wa Galway, kule Ireland, silikubali.

Tír na nÓg, nchi ya ujana, ningewaachia madalali wa viwanja.

Ninalolipenda zaidi ni la Mtakatifu Brendan, mtawa wa Ireland wa karne ya 6 anayesimuliwa kufika kisiwa cha ajabu baharini. Kisiwa chake kilipofika vinywani mwa watu wa visiwa vya Canary kiligeuka San Borondón, na bado walikuwa wakituma msafara kukitafuta mwaka 1721. Kwa hiyo jina lako nalo lipindishe: mtawa aliandike kwa Kilatini, baharia alikate, mtoza ushuru alikosee. Ukifika sura ya mwisho, msomaji alikute limechakaa kwa kutumika.